Ndani ya Kizingiti: Adabu za Warusi kwa Mgeni Atokaye Bujumbura

Lalamiko la kwanza la Mrundi aliyefika Urusi huwa ni hili: watu wa kule hawasalimii. Unaingia dukani, muuzaji hakukaribishi. Unapanda lifti na jirani wa ghorofa ya juu, naye anatazama mlango mpaka afike. Kwa mtu aliyelelewa Buyenzi au Bwiza, ambako ukiwapita wazee barazani bila kuwaamkia habari hufika kwenu kabla yako, huo ni utovu wa heshima ulio wazi. Hukumu hutolewa papo hapo: Warusi hawana adabu.

Hukumu hiyo si ya kweli, na inawagharimu vijana wetu. Warusi wana adabu nyingi, nyingine kali kuliko zetu, ila wameziweka mahali tofauti. Sisi tumeziweka njiani, katika salamu na katika mkono tunaoutoa. Wao wameziweka ndani ya nyumba, mezani, katika jina wanalomwita mtu na katika kutimiza walichokisema. Anayezitafuta adabu za Warusi barabarani atarudi mikono mitupu, na anayevuka mlango wao bila kuzijua atawaudhi watu waliokuwa tayari kumpenda.

Suala hili linatuhusu kuliko linavyoonekana. Burundi na Umoja wa Kisovyeti zilianzisha uhusiano wa kibalozi mwaka 1962, mwaka ule ule wa uhuru wetu. Tangu hapo vizazi vya Warundi vimekwenda kule kusomea udaktari, uhandisi, sheria na kilimo. Wengi walipitia chuo kikuu kilichoanzishwa Moscow mwaka 1960 kwa ajili ya wanafunzi wa Asia, Afrika na Amerika ya Kusini, kikapewa mwaka 1961 jina la Patrice Lumumba, mtu wa ng'ambo ya ziwa letu. Jina hilo liliondolewa mwaka 1992 na kurudishwa mwaka 2023. Mwaka huo huo wa 2023, mwezi Mei, waziri wa mambo ya nje wa Urusi, Sergey Lavrov, alikuja Bujumbura, na mwezi Julai Rais Évariste Ndayishimiye akahudhuria mkutano wa Urusi na Afrika mjini Saint Petersburg. Safari zitaendelea, kwa hiyo elimu ya jinsi ya kukaa na wenyeji nayo inahitajika.

Hadharani

Tuanze na tabasamu, kwa kuwa ndilo linalowaumiza wengi. Kwa Mrusi, tabasamu ni la mtu unayemjua au la jambo linalofurahisha kweli. Wana methali isemayo kwamba kucheka bila sababu ni dalili ya upumbavu. Mtu anayemchekea kila apitaye hudhaniwa ana jambo anataka, au anamcheka mwenzake. Wenyewe wanajua kwamba wageni hulishangaa hilo: kabla ya Kombe la Dunia la mwaka 2018, wafanyakazi wa reli walipewa mafunzo ya kuwatabasamia wageni. Kwa hiyo uso mkavu wa karani wa benki usiusome kama chuki. Anakuhudumia kama anavyomhudumia mama yake mzazi aliyepanga foleni.

Lakini hadharani napo pana wajibu wake. Ndani ya metro ya Moscow, kijana anayebaki ameketi huku mzee au mjamzito amesimama atakemewa mbele ya watu. Kwenye foleni ya zahanati au ya ofisi, watu wanaweza kuwa wamekaa ovyo bila mstari. Anayefika huuliza nani wa mwisho, akakumbuka uso wa aliyejibu, na nafasi yake ikahesabika hapo. Anayekwenda moja kwa moja dirishani amewadharau wote. Sauti ya juu kwenye basi, simu inayopiga muziki, vicheko vya kundi zima la marafiki, hayo huchukuliwa kuwa ukosefu wa malezi.

Kuna pia koti. Ukiingia chuo, maktaba, jumba la michezo ya kuigiza au mkahawa wa heshima wakati wa baridi, unalivua koti na kulikabidhi kwenye chumba cha makoti karibu na mlango, nawe unapewa kibao chenye namba. Kuingia darasani na koti la nje, au kulitundika kwenye kiti, ni kama kumwambia mwenyeji kwamba hutaki kukaa. Kijana wa Bujumbura, ambaye hajawahi kuhitaji koti zito maishani, hulifanya kosa hilo bila kujua, naye atamwona mwalimu atakayemrudisha mlangoni kuwa mkali bure.

Halafu kuna bibi. Bibi wa Kirusi usiyemjua atakusimamisha njiani kukuuliza kwa nini huna kofia, au atakuinua kwenye ngazi ya zege kwa kuwa ukikalia baridi utaugua. Sauti yake ni ya amri. Mgeni hudhani ametukanwa, kumbe hapo amepata kile alicholalamikia kukikosa: mtu wa mtaani anayejali afya ya mtoto wa mwenzake. Bibi wa Kinama au Kamenge angefanya vile vile. Jibu lake ni kumshukuru na kuvaa kofia.

Jina la baba

Mrusi ana majina matatu: lake mwenyewe, la baba yake na la ukoo. Mwalimu, daktari, mkuu wa kazi na mtu yeyote aliyekuzidi umri kwa mbali huitwa kwa jina lake pamoja na la baba. Waziri Lavrov ni Sergey Viktorovich, yaani Sergey mwana wa Viktor. Mwanamke ambaye baba yake ni Ivan ataitwa Ivanovna. Kumwita profesa kwa jina lake tupu ni utoto, na kumwita "bwana profesa" kunasikika kigeni. Mwanafunzi mwenye busara huandika majina mawili ya kila mwalimu wiki ya kwanza na kuyakariri kabla ya somo.

Waswahili hatupaswi kupata taabu hapa. Nasi humtambua mtu kwa jina la baba yake, na Buyenzi yapo majina ya fulani bin fulani mpaka leo. Tofauti ni kwamba kwa Warusi jina la baba ndilo linalobeba heshima katika kumwita mtu. Vivyo hivyo kwa viwakilishi: wana namna ya kumwambia mtu mmoja kwa heshima na namna ya kumwambia mwenzako, na yeyote aliyepita shule ya Kifaransa Bujumbura anazijua. Anza na ya heshima siku zote. Mkubwa ndiye atakayekuambia muiache, na siku atakapolisema hilo, ujue amekusogeza karibu.

Mfano bora wa jina hilo unatoka Afrika. Abram Petrovich Gannibal alichukuliwa barani kwetu akiwa mtoto, akafikishwa kwa mfalme Peter Mkuu wa Urusi mwanzoni mwa karne ya 18. Mfalme alikuwa baba yake wa ubatizo, na ndiyo maana akawa Petrovich. Mtoto yule alikuja kuwa mhandisi wa kijeshi na jenerali, na kitukuu chake ni Alexander Pushkin, mshairi ambaye kila mtoto wa Kirusi anamkariri shuleni. Mwafrika anayelijua jambo hilo na kulitaja mezani hufungua mazungumzo ambayo salamu mia zisingeyafungua.

Mlangoni na mezani

Sasa tuvuke mlango, maana huko ndiko adabu zao zinakoonekana kwa ukamilifu. Mtazame mgeni aliyealikwa chakula cha jioni nyumbani kwa Mrusi. Amekuja na maua, keki au chokoleti. Mikono mitupu haifai. Maua ameyahesabu kabla ya kulipa: matatu, matano au saba. Idadi inayogawanyika kwa mbili ni ya makaburini, na mwanamke atakayepewa waridi sita atashtuka kama mtu aliyeletewa sanda. Mlango ukifunguliwa, mgeni hatoi mkono akiwa nje. Husubiri mpaka miguu yote miwili iwe ndani, ndipo asalimie, kwa kuwa kusalimiana au kupokezana kitu juu ya kizingiti huaminiwa kuleta ugomvi. Hapo huvua glovu kwanza, kwani mkono hutolewa mtupu. Kwa mwanamke husubiri: akiutoa mkono, ataupokea; asipoutoa, ataitika kwa kichwa.

Kisha huvua viatu. Mwenyeji humpa ndala za nyumbani, na kila familia ina jozi kadhaa za wageni karibu na mlango. Muislamu wa Buyenzi, ambaye hakanyagi mkeka kwa viatu, yuko nyumbani kabisa hapa. Akumbuke tu kuvaa soksi nzima.

Mezani hakuna haraka. Vyakula vidogo vya baridi huja kwanza: saladi, matango ya chumvi, samaki, mkate. Mgeni asiyejua hujaza tumbo hapo, halafu inaletwa supu, kisha chakula chenyewe, kisha chai na vitu vitamu. Mwenyeji atasisitiza uongeze, tena na tena, na kuacha sahani imejaa kutamhuzunisha. Kuonja kila kitu kidogo ndiyo njia salama. Na hapo ndipo mgeni atakapoliona tabasamu alilolitafuta barabarani miezi mitatu. Watu wale wale wanaonyamaza kwenye lifti watamuuliza habari za mama yake, watamwonyesha picha za watoto, wataimba, na saa sita za usiku watamfungia chakula cha kubeba.

Glasi na neno

Mengi yamesemwa juu ya pombe ya Warusi, mengi yake ya kuwadhalilisha. Ukweli ni kwamba mezani kwao pombe ina utaratibu, na utaratibu huo ni wa maneno. Hakuna anayekunywa peke yake kimya kimya. Mtu husimama, husema neno juu ya mwenyeji, juu ya wazazi, juu ya urafiki, ndipo glasi zinapogongana. Kwa wengi neno la tatu ni la mapenzi au la wanawake waliopo. Miongoni mwa wanajeshi ni la waliokufa, na hilo hunyewa watu wamesimama, kimya, bila kugonganisha glasi. Mgeni anayecheka wakati huo amefanya kosa zito.

Mrundi anaujua utaratibu wa namna hiyo tangu utoto. Katika sherehe ya mahari, msemaji wa upande wa mvulana huanza kwa mbali, husifu nyumba aliyofikia, na msemaji wa upande wa msichana humjibu kwa maneno yaliyopimwa. Pombe huja ikifuata neno, hailitangulii. Chungu cha impeke, pombe yetu ya mtama, huwekwa katikati, mirija inatumbukizwa, na mwenyeji huonja kwanza ili mgeni anywe kwa amani. Hata kwenye kabare za mjini, chupa ya Primus hufunguliwa mbele ya macho ya mnywaji. Kote kuwili kinywaji ni ushahidi wa kuaminiana. Kwa hiyo Mrundi akialikwa kusema neno mezani kwa Warusi, asijivute. Aseme kama angesema kwenye mahari: amshukuru mama wa nyumba, awataje wazazi wake waliomlea, amalizie kwa dua ya amani. Atakumbukwa kwa miaka.

Na asiyekunywa? Aseme mapema, kwa sababu iliyo wazi: dini, dawa, au afya. Kusitasita ndiko kunakomfanya mwenyeji aendelee kumimina. Glasi ya juisi inatosha kugonganisha, mradi neno alisikilize na mwenye neno amtazame usoni. Waislamu wetu wasidhani kwamba wao ndio wa kwanza kulieleza jambo hilo kule. Uislamu uliingia kwenye bonde la mto Volga mwaka 922, Tatarstan, Dagestan na Chechnya ni jamhuri zenye Waislamu wengi ndani ya Urusi, msikiti wa Kul Sharif ulifunguliwa Kazan mwaka 2005, na Msikiti Mkuu wa Moscow ulifunguliwa upya Septemba 2015 baada ya kujengwa kwa ukubwa mpya. Mrusi anajua Muislamu ni nani.

Zipo na imani ndogo ndogo ambazo mgeni hahitaji kuziamini ili aziheshimu. Usipige mluzi ndani ya nyumba, fedha zitatoka. Chupa tupu haikai mezani, huwekwa chini. Usimpongeze mtu siku ya kuzaliwa kabla ya siku yenyewe. Kabla ya safari ndefu, wote huketi kimya kidogo, mizigo ikiwa mlangoni, ndipo wanyanyuke. Kanisani mwanamke hufunika kichwa na mwanamume huvua kofia. Krismasi yao ni tarehe 7 Januari, na tarehe 8 Machi mwanamume ambaye hakumpa mwalimu wake au mwenzake wa kazi hata ua moja ataonekana mchoyo.

Ndiyo yao na hapana yao

Penye ugumu wa kweli ni katika kusema. Kwetu Burundi mtu aliyelelewa vizuri hazungumzi kwa kukata. Bashingantahe, wazee waamuzi wa vilima vyetu, walipewa heshima kwa kupima neno kabla ya kulitoa, na mpaka leo mtu mwungwana hamwambii mwenzake hapana usoni. Husema tutaona, husema labda kesho, na msikilizaji huelewa. Mrusi haelewi hivyo. Kwake labda ni labda, na kesho ni kesho. Akifika kesho na jambo halipo, atakuona mwongo. Naye atakuambia bila kupaka mafuta kwamba kazi yako ni mbaya, kwamba umenenepa, kwamba unakosea matamshi. Hakusudii kukuvunja, kwa maana kwake rafiki ndiye anayesema ukweli.

Hapa kila upande unamwona mwenzake mbaya kwa sababu ya jambo ambalo mwenzake analiona jema. Mrundi husema Mrusi ni mkatili, na Mrusi husema Mrundi hasemi anachofikiri. Sioni sababu ya mmoja kuwa mwingine. Lakini anayesafiri ndiye mwenye mzigo wa kujifunza kwanza, kwa kuwa yeye ndiye mgeni. Ukiwa kule, hapana iwe hapana, iliyotiwa shukrani, na saa nne iwe saa nne.

Mahali adabu inapoishia

Itakuwa ni udanganyifu kumwambia kijana kwamba akijua idadi ya maua kila mlango utafunguka. Ubaguzi upo. Mnamo Desemba 1963 mamia ya wanafunzi wa Kiafrika waliandamana hadi Uwanja Mwekundu wa Moscow baada ya kifo cha mwanafunzi mwenzao wa Ghana, na miaka ya baada ya Umoja wa Kisovyeti kuvunjika magenge ya vijana wenye chuki yalishambulia na kuua wageni. Anayekutukana kwa rangi yako hajafanya kosa la mila ya kusamehewa. Amefanya uovu, na wewe huna deni la kumwelewa. Kwenye mji mgeni, tembea na wenzako usiku, ijue namba ya ubalozi, toa taarifa chuoni.

Tahadhari nyingine ni ya ulimi. Tangu vita vya Ukraine vilipopanuka Februari 2022, familia nyingi zina mtu aliyeitwa vitani au aliyekufa, na sheria iliyopitishwa Machi mwaka huo inaadhibu maneno yanayohesabiwa kuwa yanalidhalilisha jeshi. Mgeni asianzishe mada hiyo. Tena asiweke sahihi kwenye mkataba asiousoma kwa lugha anayoielewa: vyombo vya habari vimeeleza habari za vijana wa Kiafrika walioahidiwa kazi au masomo wakajikuta jeshini, au kwenye kiwanda cha droni cha Alabuga kule Tatarstan. Heshima kwa wenyeji haikulazimishi kukubali kila unachopewa.

Mrusi akija kwetu

Adabu ina pande mbili, na Mrusi anayetua uwanja wa ndege wa Melchior Ndadaye naye anahitaji mtu wa kumweleza. Atakwenda dukani mtaa wa Asiatique na kudai anachotaka bila salamu ya amahoro wala bwakeye, na muuzaji atamwona jeuri. Atapita katikati ya watu waliokaa akikaza uso. Atakapopewa mkono na mtu aliyeshika kiwiko chake cha kulia kwa mkono wa kushoto, hatajua kwamba amepewa heshima kubwa. Ataambiwa saa ya mkutano na kukuta viti vitupu. Nasi tumhukumu kwa haraka kama vijana wetu wanavyowahukumu Warusi? Tumweleze tu kwamba hapa mambo huanza kwa salamu, na kwamba dakika tano za kuulizana habari za nyumbani ni sehemu ya kazi yenyewe. Tumwalike samaki wa mukeke wa kuchoma ufukweni, na akionyesha kuwa ameelewa, tumsifu.

Haya yote hayahitaji bajeti wala wizara. Bujumbura ina madaktari, wahandisi na walimu waliosoma Moscow, Saint Petersburg, Voronezh na kwingineko, watu wanaolijua baridi la kule na meza za kule. Kila kijana anayepata nafasi ya kwenda huko hupewa orodha ya hati, chanjo na nguo nzito. Wakubwa hao wamwite siku moja kabla ya kuondoka, wamkalishe, wamweleze habari za jina la baba, kizingiti, neno la mezani na hapana isiyozunguka. Na wewe kijana unayejiandaa kuondoka, usisubiri kuitwa: mtafute mmoja wao wiki hii, umwamkie, umuulize.